Picha ipo, lakini iko wapi? Usiku nilioupoteza ndani ya diski tatu

Kabla hujaendelea kusoma, hebu jaribu kitu. Shika simu yako, fungua mahali picha zinakaa, kisha utafute picha ya mwisho uliyopigwa ukiwa na nyanya yako. Usimuulize mtu. Wewe tafuta tu. Mimi nangoja.

Umeipata? Kama imekuchukua chini ya dakika moja, hongera, wewe ni mtu wa mpango na pengine huna haja na makala haya. Lakini kama bado unasukuma skrini na kidole, unapita memu, skrinishoti za M-Pesa na picha za chapati za mwaka juzi, basi kaa hapa kidogo. Hata mimi nimekuwa hapo. Tofauti ni kwamba picha niliyokuwa natafuta haikuwa yangu, na kuna watu walikuwa wanaingoja.

Mimi kazi yangu ni kupiga picha. Harusi, ruracio, mahafali, ubatizo, mazishi, mradi kuna mtu analipa. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo na tarehe za mitihani zilipokataa kabisa kupatana, nikanunua kamera ya mkono wa pili kwa pesa za kuungaunga, nikaingia mtaani. Sikuwahi kusomea hii kazi. Kuweka picha vizuri ndiyo kabisa, sikujua kama ni kitu cha kusomea. Nilidhani ukishapiga picha na mteja akalipa, hadithi imeisha.

Ilikuwa Jumatano, saa mbili usiku. Simu ikalia, namba siijui.

“Kijana wangu, unanikumbuka? Mimi ni mama wa ile harusi ya Ruiru.”

“Nakukumbuka Mama. Habari za siku nyingi?”

“Si nzuri. Mzee ametuacha.”

Nikampa pole. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa ile sauti ya mtu aliyechoka kulia: “Tunazika Ijumaa. Wale wa kuchapisha programu kule River Road wanataka picha kabla ya kesho saa sita. Kuna ile ulimpiga akicheka, akiwa na kofia yake. Mzee aliipenda sana hiyo. Ile fleshi ulitupatia ilipotea tukihama.”

“Mama, usijali. Hiyo ipo. Nakutumia usiku huu huu.”

Niliposema ipo, sikuwa nadanganya. Ilikuwepo. Tatizo ni kwamba nilikuwa na diski tatu za nje, mbili za terabaiti 2 na moja ya terabaiti 1, na ndani yake folda zenye majina kama “Harusi mpya”, “Harusi mpya 2”, “FINAL”, “FINAL ya ukweli” na “Weka hapa kwanza”. Hiyo ya mwisho ilikuwa na gigabaiti 300. Kwanza, eti.

Nikafungua diski ya kwanza, nikaandika “Ruiru” kwenye kile kisanduku cha kutafutia cha Windows. Ukiwahi kufanya hivyo kwenye diski ya nje unajua kinachofuata: ule mstari wa kijani unaanza kutambaa juu ya dirisha, pole pole, kama matatu ya Thika Road saa kumi na moja jioni. Unafika karibu na mwisho halafu unagoma. Baada ya karibu nusu saa nikapata faili mbili, zote risiti za hoteli.

Saa saba usiku nikaacha kutafuta kwa jina, nikaanza kufungua folda moja moja nikitazama kwa macho. Kila nikifungua folda yenye picha elfu mbili, skrini inajaa viboksi vyeupe vitupu, kisha picha zinaanza kujitokeza moja, moja, moja. Nikisukuma chini, viboksi vyeupe tena. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa bado niko hapo, macho mekundu, chai imepoa mara mbili.

Sikuipata.

Alhamisi saa sita familia ilipeleka picha ya kitambulisho, ikakuzwa. Ijumaa niliona programu yenyewe. Mzee aliyekuwa akicheka mpaka kofia inataka kuanguka alionekana kama mtu anayengoja zamu yake kwa chifu. Hakuna aliyenilaumu. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Picha niliipata Jumamosi mchana, ndani ya folda inayoitwa “Kazi ndogo ndogo”. Siku ya harusi nilikuwa nimeazima kamera ya pili kwa mjomba, na saa ya hiyo kamera haikuwa imewekwa. Kwa hiyo picha za harusi ya Agosti 2021 zilisema zimepigwa Januari 2015. Nilipozipanga kwa tarehe, hii ikakaa chini kabisa na takataka za zamani. Nilimtumia Mama. Akajibu, “Asante kijana wangu, tutaiweka kwa ukuta.”

Basi nikaketi chini nikajiuliza swali ambalo pengine wewe umeshajiuliza: mbona Google inapekua dunia nzima na kunijibu kabla sijapepesa jicho, na laptopu yangu inashindwa kupekua diski iliyo mezani?

Kondakta na mabasi

Jibu lenyewe ni rahisi, hata linaudhi. Chukulia umefika Machakos Country Bus, unatafuta gari la kwenda Kitui. Unaweza kupita basi moja hadi lingine ukichungulia kila kioo kusoma bango. Utalipata, baada ya saa moja na kuibiwa simu. Ama unaweza kumwuliza kijana mmoja wa pale ambaye tayari anajua kila gari liko wapi. Kompyuta yangu ilikuwa inachungulia mabasi. Google inamwuliza kijana.

Huyo kijana, kwa lugha ya vitabu, anaitwa faharasa. Ni orodha iliyotayarishwa mapema: jina hili liko pale, tarehe hii iko kule. Windows huwa na faharasa yake, lakini kwa kawaida inashughulikia folda zako za ndani kama Documents na Pictures, na si diski ya nje uliyochomeka. Ukitafuta humo, inaanza kuchungulia upya kila mara, hata kama umetafuta kitu kile kile dakika tano zilizopita.

Na diski zenyewe zina mipaka ya mwili. Hizi za bei nafuu tunazonunua mjini zina sahani ndani inayozunguka, nyingi mara 5,400 kwa dakika. Mzunguko mmoja ni kama milisekunde 11. Ili kusoma kitu kilicho mahali pengine kwenye sahani, kichwa cha kusomea lazima kisogee, kisha kingoje sehemu hiyo ifike chini yake. Weka jumla ya milisekunde 15 kwa kila faili. Inaonekana ni kidogo, sivyo? Sasa zidisha kwa picha 60,000. Hizo ni sekunde 900, yaani robo saa nzima ya kugusa tu kila picha, kabla hujaifungua kuitazama. Ukiwa na faharasa iliyopangwa vizuri, kompyuta inagawanya orodha katikati, inatupa nusu isiyohusika, inagawanya tena. Kwa picha 60,000 inahitaji hatua zisizozidi 16. Kumi na sita! Nilipofanya hesabu hiyo kwa kalamu nilitaka kulia.

Mtaalamu Jakob Nielsen aliandika mwaka 1993 kwamba kuna mipaka mitatu ya subira ya binadamu mbele ya kompyuta. Jibu likija ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, unahisi limekuja papo hapo. Likichukua sekunde moja, unaona kuna kuchelewa lakini wazo lako halikatiki. Likifika sekunde kumi, akili imeshaondoka, imeenda kuangalia TikTok. Na hapo kwa sekunde moja ndipo kazi yangu inaamuliwa. Nikijibiwa haraka nitajaribu neno lingine, na lingine, mpaka nipate. Nikingojeshwa nusu saa nitajaribu mara mbili na kukata tamaa. Kasi inabadilisha hata idadi ya maswali ambayo mtu yuko tayari kuuliza.

Programu ya kwanza ilinipa furaha ya wiki moja

Rafiki yangu anayetengeneza kompyuta kule Moi Avenue aliniambia niweke Everything, programu ya bure ya kampuni ya voidtools. Msee, hii kitu ni noma. Unaandika herufi moja, orodha inakatika. Herufi ya pili, inakatika tena. Hungoji chochote.

Siri yake ni kwamba haipiti folda kwa folda. Diski iliyoundwa kwa mpangilio wa NTFS huwa tayari na jedwali lake kuu linaloweka jina la kila faili, na Everything inasoma jedwali hilo moja kwa moja. Wenyewe wanasema faili milioni moja huchukua kama dakika moja kuingizwa. Baada ya hapo inafuatilia mabadiliko tu. Kama diski yako ni ya exFAT, ile ambayo watu wengi hutumia ili ifanye kazi kwenye Mac na Windows, ujanja huo wa jedwali haupo, kwa hiyo unaielekeza folda na inazipitia yenyewe. Inachukua muda zaidi mwanzoni lakini ukishamaliza, kutafuta ni haraka vile vile.

Nilifurahi wiki nzima. Kisha mteja akaomba picha za bibi harusi akishuka garini.

Everything inatafuta majina ya faili. Faili zangu zinaitwa DSC_0412. Kamera ikifika DSC_9999 inarudi DSC_0001, kwa hiyo nilikuwa na DSC_0412 saba, moja ni keki, nyingine ni mchungaji. Mashine ilinijibu haraka sana, kwamba haijui ninachosema. Ndipo nikaelewa kwamba kasi pekee haitoshi kama kitu unachotafuta hakijaandikwa popote. Hata yule kijana wa Country Bus, kama mabasi hayana mabango, atakuonyesha nini?

Habari njema ni kwamba picha za kamera huja na maandishi ndani yake. Yanaitwa Exif, mpango uliobuniwa Japani mwaka 1995, na yanabeba tarehe, saa, aina ya kamera, lenzi, na kama ni simu, mara nyingi mahali ulipokuwa. Habari mbaya ni WhatsApp. Picha ukiitumia kwa njia ya kawaida inabanwa, na maandishi hayo yanafutwa. Kinachobaki ni jina kama IMG-20210814-WA0012, na hiyo tarehe ni ya siku ilipopita WhatsApp, si siku ilipopigwa. Kwa hiyo picha ya nyanya yako ya mwaka 1988 aliyoituma binamu jana, simu inaihesabu ni ya jana. Ukitaka maandishi yabaki, itume kama hati, si kama picha. Waambie na watu wa nyumbani. Hawatafanya, lakini waambie.

Ng'ang'a na watoto

Hatimaye nilitua kwa digiKam. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na inafanya kazi Windows, Mac na Linux. Sitakudanganya kwamba ni rembo. Ukiifungua mara ya kwanza ina vitufe vingi kama redio ya babu. Lakini inafanya kile nilichokuwa nakosa: inapita kwenye diski mara moja, inasoma Exif ya kila picha, inaweka yote ndani ya hifadhidata ndogo ya SQLite, na kuanzia hapo ukiuliza inajibu kutoka kwa hifadhidata bila kugusa diski ile ya kuzunguka. Mpito wa kwanza ulikula usiku mzima na asubuhi yake. Niliiacha nikaenda kulala, nikiomba tu stima isipotee.

Jambo moja hapa ambalo nililikosea na sitaki ulikosee: hiyo hifadhidata usiiweke kwenye diski ya nje pamoja na picha. Iweke ndani ya laptopu, na kama laptopu ina SSD, hapo ndipo pake. SSD haina sahani ya kuzunguka, kwa hiyo ule msamiati wote wa kungoja kichwa kisogee haupo. Mimi nilikuwa nimeiweka diski ya nje na nikashangaa mbona programu inayosifiwa inaburuta miguu. Nilipoihamisha, ilikuwa kama nimenunua mashine mpya.

Kisha nikaanza kuweka lebo. Jina la familia, mahali, aina ya sherehe, nani yuko kwenye picha. Na hapa ndipo niligundua kitu ambacho sijaona video yoyote ya YouTube ikikizungumzia, kwa sababu waliotengeneza hizi video hawaandiki majina yetu.

Chukua jina Ng'ang'a. Ukiliandika kwa kibodi ya laptopu, ile alama ya katikati ni kijiti kilichonyooka. Ukilinakili kutoka kwa simu au hati ya Word, mara nyingi alama inakuja ikiwa imepinda. Kwa jicho lako ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti kabisa, kama A na Z. Nilikuwa na familia moja chini ya lebo tatu: Ng'ang'a iliyonyooka, Ng’ang’a iliyopinda, na Nganga bila chochote, siku nilipokuwa na haraka. Ukitafuta moja, zile mbili hazitokei, na unaapa kwamba picha zimepotea. Siku hizi kwenye lebo naandika Nganga tu, familia inisamehe, jina lao nalihifadhi vizuri kwenye ankara.

Halafu kuna Kiswahili chenyewe. Programu nyingi zinazojisifu kwa utafutaji wa akili zina ujanja wa kukata mikia ya maneno ya Kiingereza ili umoja na wingi vikutane. Sisi lugha yetu haibadiliki mkiani, inabadilika kichwani. Mtoto, watoto. Mzee, wazee. Mzazi, wazazi. Ukiweka lebo “watoto” na mwezi ujao utafute “mtoto”, unaambiwa hakuna. Nilipoteza picha za darasa zima la Jumapili hivyo. Dawa niliyoipata ni ya kienyeji na inafanya kazi: kama programu inakubali kutafuta kipande cha neno, andika kiini tu. “Toto” inaleta mtoto na watoto. “Zazi” inaleta mzazi na wazazi. “Limu” inaleta mwalimu na walimu. Jihadhari na vipande vifupi mno. Niliandika “ke” nikitafuta mke na wake, nikaletewa keki zote za Nairobi.

Kutafuta kipande cha katikati ni kazi nzito zaidi kwa mashine kuliko kutafuta mwanzo wa neno, kwa sababu orodha iliyopangwa kwa alfabeti inasaidia tu ukijua herufi ya kwanza. SQLite yenyewe iliongeza mwaka 2020 njia ya kuvunja maneno vipande vya herufi tatu tatu ili utafutaji wa aina hii uende haraka. Ukichagua programu, ijaribu kwa hilo. Andika sehemu ya katikati ya jina uone kama inakuelewa. Kwa sisi watu wa m- na wa-, hilo nalihesabu ni hitaji, si pambo.

Kuna pia utambuzi wa nyuso. digiKam inaufanya ndani ya kompyuta yako, picha haziendi popote, na hilo lina maana kwangu kwa sababu nyuso hizo ni za wateja na Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Unaionyesha uso mara kadhaa, inakupendekezea nyingine. Inakosea, hasa ndugu wanaofanana. Wakati mmoja ilimwita pasta bwana harusi. Lakini mzee wa Ruiru ilimpata mara 31, mara nyingine akiwa nyuma ya watu wanaokula.

Kutazama nako ni kutafuta

Watu wengi wakizungumzia programu hizi wanaishia kwa kisanduku cha kutafutia. Lakini kumbuka ule usiku wangu wa viboksi vyeupe. Nusu ya muda nilioupoteza haukuwa wa kutafuta, ulikuwa wa kungoja kuona.

Picha moja ya kamera yangu ina pikseli 6,000 kwa 4,000, yaani milioni 24. Kijipicha kwenye skrini kina pikseli 256 kwa upande, hata 66,000 hazifiki. Programu mbaya inafungua picha nzima ya milioni 24 ili ikuonyeshe kitu cha ukubwa wa stempu, na inafanya hivyo kwa kila moja, kila ukifungua folda. Programu nzuri inatengeneza vijipicha mara moja, inavihifadhi, kisha inachora tu vile arobaini vinavyoonekana kwenye skrini na vichache vya jirani. Ukisukuma chini inachora vingine. Kwa hiyo folda ya picha mia na folda ya picha elfu ishirini zinafunguka sawa. Kama unajaribu programu, fanya hivi: ipe folda kubwa, shika kile kibao cha pembeni ukivute ghafla mpaka katikati. Kama skrini inabaki nyeupe sekunde tano, kaa mbali nayo.

Kisha cheza na namna ya kuonyesha. Mimi nina njia tatu. Nikitafuta sura, naweka vijipicha vikubwa, kama ishirini kwa skrini. Nikitafuta tukio, naviweka vidogo kabisa, kwa sababu harusi inatambulika kwa rangi: ukiona utepe wa zambarau unajua ni ile ya Limuru. Na nikitafuta kosa, naacha picha kabisa, nageuza iwe jedwali lenye safu za tarehe, kamera na ukubwa. Hilo jedwali ndilo lingeniokoa ule usiku. Ningepanga kwa safu ya kamera, ile ya mjomba ingejitokeza peke yake kama kondoo mweusi, na ningeona Januari 2015 nikajua kuna mchezo. Siku hizi nikishamaliza kazi nalinganisha saa za kamera zote, na kama moja imepotea, digiKam ina kifaa cha kusogeza saa ya picha mia tano kwa pamoja.

Hili la namna ya kuonyesha linategemea kazi, na hakuna aliyenionyesha hivyo kuliko jamaa yangu DJ. Nilimwambia kwa majivuno kuhusu vijipicha vyangu, akacheka. Yeye anataka maandishi tu, makubwa, meupe juu ya nyeusi. Hataki kava za albamu hata moja. “Niko gizani, mtu ameniletea simu ameandika wimbo, nina sekunde arobaini kabla huu uishe. Kava itanisaidia na nini?” Anachotaka kuona ni jina, msanii, na kasi ya mapigo ya wimbo, basi. Amebana safu nyingine zote.

Lakini hata yeye ana kidonda chake. Nyimbo zake nyingi za zamani zina lebo za ID3 za toleo la kwanza, lile la mwaka 1996, ambalo lilibanwa ndani ya baiti 128 mwishoni mwa faili: herufi 30 za jina, 30 za msanii, 30 za albamu. Wimbo wenye jina refu na wasanii watatu wa kushirikishwa unakatwa katikati. Anatafuta yule msanii wa tatu, hayupo, amekatwa. Mara mbili amemwambia mteja hana wimbo ambao yuko nao. Sasa anapitia orodha yake na kuandika upya, nyimbo hamsini kila Jumatatu, siku ambayo hana kazi.

Najua kuna mtu ameshaniandikia kichwani mwake: si uweke tu kila kitu Google Photos? Nilifikiria. Picha za bure bila kikomo ziliisha Juni 1, 2021, sasa ni gigabaiti 15, na humo barua pepe pia zimo. Hata ningelipa, piga hesabu ya terabaiti 2 kwa intaneti inayopakia megabiti 10 kwa sekunde. Ni siku 18 na nusu, usiku na mchana, bila stima kwenda hata mara moja. Wewe unaishi Nairobi ipi? Kwa simu yako, picha elfu kadhaa, ni sawa kabisa, na utafutaji wake ni mzuri kwa sababu unatambua vitu bila lebo. Kwa mtu mwenye diski, bado kazi iko mezani kwako.

Ukitaka kuanza, anza na kilicho rahisi. Weka saa ya kamera. Ipe folda jina lenye mwaka mbele, mwezi ufuate, kisha mahali na familia: 2025-08 Ruiru Nganga. Ukifanya hivyo hata kama hutaweka lebo yoyote, Everything itakutosha kwa miaka. Lebo ziweke siku ile ile unapokabidhi kazi, ukiwa bado unakumbuka nani ni shangazi ya nani. Miezi sita baadaye wote ni “mama mwenye kitenge”. Na hakikisha programu inaandika lebo ndani ya faili ya picha na si kwenye hifadhidata peke yake. Kwenye digiKam kuna sehemu ya kuchagua hivyo. Laptopu ikiibiwa, lebo zinabaki na picha.

Mimi bado niko kwa diski ya pili. Nimefika Machi 2020, wakati harusi zilisimama na folda zikawa nyembamba, kwa hiyo naenda mbio kidogo. Zimebaki kama picha elfu kumi na moja hivi. Nafanya mia mbili kila usiku baada ya kula, redio ikiwa chini. Juzi katikati ya hizo nilimkuta tena mzee wa Ruiru, harusi nyingine kabisa, amealikwa tu, amekaa kiti cha nyuma na kofia ile ile kwenye goti. Sikuwa najua nimewahi kumpiga kabla. Nimeweka lebo, na kesho nitampigia Mama nimuulize kama angependa kuiona.